Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mkimbizi tumpe na lugha

Juni 20 kila mwaka ulimwengu huadhimisha Siku ya Wakimbizi. Siku kumi na saba baadaye, yaani Julai 7, huadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani. Katika siku ya kwanza hotuba huwa za mahema, unga, maji na fedha za wafadhili zinazozidi kupungua. Katika siku ya pili sisi watu wa lugha hukusanyika kumbini, tukasifia lugha iliyovuka mipaka, tukaghani mashairi na kupigwa picha. Kila kundi hufunga virago na kwenda zake bila kujua kwamba lilikuwa na la kumwambia mwenzake.

Leo nataka kuzikutanisha siku hizo mbili. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyepoteza kwao hawezi kuyajenga maisha yake upya nchini Kenya bila Kiswahili, na kwamba kumfundisha lugha hii ni sehemu ya msaada sawa na kumpa unga na turubali. Si jambo dogo. Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wanaishi Dadaab katika kaunti ya Garissa, na Kakuma na Kalobeyei katika kaunti ya Turkana. Wengine wako mijini, hasa Nairobi. Walio wengi wametoka Somalia na Sudan Kusini, kisha kuna Wakongo, Waethiopia, Warundi na wengineo.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi 'kimbia' kimetuzalia majina mawili ya watu. 'Mkimbiaji', kwa kiambishi -aji, ni mtu anayekimbia kwa mazoea au kwa kazi. Huyo tunamjua sana. Akirudi na medali tunampokea kwa nyimbo na maziwa kwenye uwanja wa ndege. 'Mkimbizi' limeundwa kama 'mlezi' kutokana na 'lea' na 'mjuzi' kutokana na 'jua'. Huyu hakukimbilia medali. Alikimbia asife.

Linganisha sasa na 'mhamiaji'. Neno hili halikutokana na 'hama' moja kwa moja, bali na 'hamia', kitenzi kilicho katika kauli ya kutendea. Hama ni kuondoka. Hamia ni kuondoka ukiwa na mahali unapokwenda kukaa. Mhamiaji basi amebeba mwisho wa safari ndani ya jina lake. Jina la mkimbizi linasema tu kwamba alikimbia. Halisemi kwamba alifika. Ukitaka kumfikisha, itakubidi uchukue kitenzi 'kimbilia', na kutokana nacho upate 'kimbilio'. Nikiulizwa kazi ya nchi inayowapokea watu hawa ni ipi, nitajibu kwa sarufi hiyo hiyo: ni kuwatoa katika kukimbia na kuwafikisha penye kimbilio.

Sheria nayo ina ufafanuzi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili yake, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Afrika iliona ufafanuzi huo haututoshi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliongeza wale wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na machafuko yanayovuruga sana amani. Kwa hiyo mama aliyetoroka risasi Bor hahitaji kuthibitisha kwamba risasi ile ilimlenga yeye binafsi.

Akishafika, je? Hapo ndipo tunapoirudia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumsuta mgeni aliyekaa kupita kiasi, kana kwamba jembe ni njia ya adabu ya kumwonyesha mlango. Mimi naisoma vingine. Mtu unayetaka aondoke kesho humpi jembe leo. Ukimpa jembe umempa pia udongo wa kulima, umempa sehemu ya mavuno, na umekubali kwamba sasa ana jambo la kusema mvua ikichelewa. Siku mbili za kwanza alikuwa mtu wa kuhudumiwa. Siku ya tatu anakuwa mtu wa kazi kama wewe.

Kambi za Dadaab zilianza 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia. Kakuma ilianza 1992. Hesabu mwenyewe, msomaji. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na wapo waliozaliwa pale ambao sasa ni wazazi. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo, kutoka kambini kulihitaji kibali na kazi halali ilikuwa ndoto. Wageni wetu waliwekwa katika siku ya pili, na siku ya tatu ikakataa kupambazuka.

Mambo yameanza kubadilika, angalau katika maandishi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inazungumzia haki ya mkimbizi kufanya kazi na kushiriki katika uchumi. Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia pamoja shule, hospitali na soko. Mpango huo uliitwa Shirika. Jina hili linanifurahisha na kunitia wasiwasi kwa wakati mmoja. Kwa asili, shirika ni ile hali ya kushiriki pamoja, ya watu kuwa na fungu katika kitu kimoja. Lakini mwambie mtu wa Kakuma neno 'shirika' uone atakachofikiria. Atafikiria gari jeupe lenye bendera, foleni, na kadi ya chakula! Neno moja lina maana mbili: ya kugawana na ya kugawiwa. Itategemea sisi ni ipi kati yazo itakayoshinda.

Sasa, watu watashirikije bila kuzungumza? Mijadala ninayoisikia ni ya ardhi, maji, usalama na nani atalipa. Yote ni ya lazima. Lugha hutajwa kwa nadra, eti watu watajifunza tu wakiishi pamoja. Wengine hujifunza kweli, sokoni na kwenye matatu. Lakini hebu tuangalie yanayowapata kabla hawajajifunza.

Mfikirie mama aliyeingia zahanati akiwa na maumivu ya tumbo la uzazi. Hajui Kiswahili wala Kiingereza. Muuguzi hajui Kinuer. Anayewasaidia ni mwanawe wa kiume wa miaka kumi, kwa kuwa yeye anasoma shule ya msingi. Mama atasema nini mbele ya mtoto huyo? Atasema anaumwa tumbo, basi. Yale mengine atarudi nayo nyumbani. Atapewa dawa za tumbo, na muuguzi hatakuwa na kosa.

Jambo hili lina mzizi katika mtaala. Watoto wa Kakuma na Dadaab husoma mtaala wa Kenya na kufanya mitihani yetu ya kitaifa. Kwa hiyo wanakisoma Kiswahili darasani. Wazazi wao hawana darasa kama hilo. Matokeo yake ni kwamba nyumba inapinduka: mtoto ndiye anayejua bei, anayesoma barua, anayezungumza na mwalimu mkuu kuhusu utovu wake mwenyewe wa nidhamu! Mzazi aliyekwisha kunyang'anywa nchi, ng'ombe na jamaa ananyang'anywa pia sauti mbele ya wanawe.

Tazama pia kituo cha polisi. Ibara ya 49 ya Katiba yetu ya 2010 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha inayotumiwa mahakamani. Ni haki nzuri. Lakini kati ya barabarani na kizimbani kuna maongezi mengi yasiyo na mkalimani, na mtu asiyeweza kusema "kitambulisho changu kiko nyumbani, naomba nimpigie mke wangu" hulipia ububu wake.

Na kuna sheria nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaweka masharti kwa mgeni aliyekaa nchini kihalali kwa miaka saba au zaidi na anayetaka kuandikishwa kuwa raia. Mojawapo ni kwamba aweze kuelewa na kuzungumza Kiswahili au lugha ya wenyeji. Sharti hilo ni la haki kabisa. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba. Ila mtu akikuuliza, "Kiswahili hicho mnachonidai, mmenifundishia wapi?" utamwelekeza mlango gani?

Majirani zetu wametuachia mfano wa kujifunza. Mwaka 1972, mauaji yalipozuka Burundi, watu wengi walikimbilia Tanzania wakapewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima. Watoto wao walisoma shule za Kitanzania, na katika shule za msingi za Tanzania kila somo lilifundishwa kwa Kiswahili. Walikuwa na vikwazo vyao, hasa vya kusafiri nje ya makazi. Lakini miongo minne baadaye, walipopewa nafasi ya kuchagua, wengi wao walichagua kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wakapewa uraia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi.

Baadaye Tanzania ilibadili msimamo. Katika kambi ya Nyarugusu watoto wa Kirundi wamekuwa wakifuata mtaala wa Burundi, na wa Kikongo mtaala wa Kongo, kwa sababu nia ni warudi makwao. Unaona? Lugha unayomfundishia mtoto wa mgeni inamwambia, kuliko hotuba yoyote, kama unamtarajia akae au aondoke.

Nisieleweke kwamba lugha peke yake hufungua kila kufuli. Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani walizungumza Kiswahili pamoja na majirani zao wa Kwale kwa miongo mingi. Walichonga vinyago, wakaoa na kuolewa, wakazika wazee wao pale. Vitambulisho hawakuwa navyo, hadi walipofunga safari kuelekea Ikulu ya Nairobi Oktoba 2016 kudai haki yao, ndipo serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la Kenya. Lugha bila karatasi haikuwatosha. Hata hivyo, jiulize madai yao yangesikikaje kama wangehitaji mkalimani wa kuyasema. Walisimama mbele ya wanahabari wakajieleza kwa lugha ambayo kila Mkenya aliielewa, na ikawa vigumu kwa yeyote kuwaita wageni.

Nimekuwa nikisema mkimbizi ajifunze. Mwenyeji naye ana somo lake. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kichiluba. Mkongo wa Bukavu au Uvira hukua nacho. Akifika Nairobi na kusema 'batu' badala ya watu, 'mayi' badala ya maji, na 'aksanti' mahali pa asante, tunacheka. Fundi mmoja wa nguo, Mkongo ninayempelekea vitenge, aliniambia hivi: "Mzee, kwetu nilikuwa najua Kiswahili. Hapa Nairobi ndipo niliambiwa sikijui." Nilimwambia ukweli, kwamba lahaja yake ina kanuni zake na historia yake, na kwamba wapo wataalamu walioichunguza kwa miaka mingi. Vivyo hivyo kwa watu wa Barawa waliofika Mombasa vita vilipozuka Somalia. Walikuja na Chimiini, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa kaskazini kuliko zote. Hawa hawakuja kujifunza Kiswahili. Walikuja wakiwa nacho. Tunachopaswa kuwafundisha ni namna Kiswahili cha hapa kinavyotofautiana na chao, bila kuwavua walichokuja wamevaa.

Na yule anayeanza sifuri tumfundishe vipi? Nimefundisha lugha hii kwa miaka mingi, na ninaweza kusema kwa uhakika mahali pasipofaa kuanzia: orodha ya ngeli. Mtu mzima mwenye watoto wanne na kibanda cha kuuza nyanya hana haja ya kujua jina la ngeli ya nyanya. Anataka kusema "hizi ni za shilingi ishirini, hizo ni za hamsini". Ukiyapanga masomo kwa mujibu wa mahitaji yake, upatanisho wa kisarufi atauokota njiani, kama alivyouokota katika lugha ya mamaye.

Somo la kwanza liwe la salamu na kujitambulisha: jina, utokako, unakoishi. La pili liwe la mwili na ugonjwa: wapi panauma, tangu lini, umekula nini, una mimba ya miezi mingapi. La tatu ni soko na simu: bei, deni, chenji, kutuma na kupokea pesa bila kutapeliwa. La nne ni kazi: mshahara, kibarua, mkataba, siku ya kulipwa. La tano ni ofisi: fomu, sahihi, kibali, rufaa, shahidi. Masomo ya akina mama yawekwe saa ambazo hawako kwenye foleni ya maji, na watoto wachanga wapate pa kukaa. Bila hayo darasa litajaa wanaume tu.

Walimu wapo. Baadhi wako ndani ya makazi yenyewe: Wakongo na Warundi wanaokijua Kiswahili na wanaoelewa, kuliko mimi, maana ya kuanza upya. Wengine ni wahitimu wetu wa tafsiri na ukalimani wanaozunguka na vyeti mjini wakitafuta kazi. Mfumo nao tunao. Wazee wetu waliuita ngumbaru, wakaenda jioni na madaftari yao kujifunza kusoma wakiwa na mvi. Elimu ya watu wazima haihitaji kubuniwa upya. Inahitaji kuwafungulia mlango wageni hawa, na vyuo vikuu viandae vitabu vidogo vya Kiswahili pamoja na Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiamhari na Kiarabu cha Juba.

Najua kuna watakaouliza: kwa nini tutumie senti zetu kuwafundisha watu ambao huenda wakarudi kwao au wakapelekwa Marekani? Akirudi Goma au Bujumbura, lugha hii ataitumia huko huko. Somalia, Sudan Kusini na Kongo zote sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Akirudi kwao atakuwa mwenzetu wa kufanya naye biashara. Akibaki hapa, ataweza kulipa kodi na kujitetea. Sioni hasara iko wapi.

Wengine watauliza kama hatutawapotezea lugha zao. Hofu hiyo ina msingi, nami naiheshimu. Ndiyo maana ninasisitiza lugha ya kuongezewa, isiyong'oa ile ya nyumbani. Mama azungumze Kidinka na mwanawe usiku, na Kiswahili na daktari asubuhi. Wakenya tunaishi hivyo kila siku na hakuna anayetushangaa.

Isitoshe, sisi wenyewe tunajua thamani ya jambo hili tukiwa upande wa pili. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kuwawezesha Wakenya wenye ujuzi kufanya kazi kule. Tangu hapo na hata kabla yake, vijana wetu wamejaa katika madarasa ya Kijerumani, wakijua kwamba bila cheti cha lugha hospitali za huko hazitawapokea. Wakifika watakuta nchi ambayo tangu 2005 ina kozi maalumu ya wageni: saa 600 za lugha na saa 100 za kuijua sheria, historia na desturi ya nchi. Wajerumani waliona kwamba wakitaka mgeni afanye kazi, wamfundishe kwanza jina la kifaa.

Sitarajii Kenya ipate saa 700 kesho asubuhi. Saa 60 zingetosha kuanzia. Zingemwezesha mama yule wa zahanati kumwacha mwanawe shuleni, aende mwenyewe, aketi mbele ya muuguzi, aseme panapouma. Wizara ya Elimu, serikali za kaunti za Turkana na Garissa, na idara za Kiswahili katika vyuo vyetu wanaweza kuketi pamoja wakapanga saa hizo. Tarehe ya kuanza mazungumzo ipo tayari katika kalenda, tena ziko mbili: moja Juni, nyingine Julai. Kati yake kuna siku kumi na saba, na hizo zinatosha kuandika mtaala wa somo la kwanza.